Dizeli kubwa ikikataa kuvuta: pa kuanzia kupima saluni ya kifahari hapa Malindi

Gari limetoka Mombasa zima. Limetambaa kwenye foleni ya Mtwapa, limevuka daraja la Kilifi, kiyoyozi kinapuliza vizuri, abiria wa nyuma amesinzia. Kabla ya Gede dereva anakanyaga mafuta alipite lori tupu linalorudi Gongoni kupakia chumvi, na gari halivuti. Taa ya manjano ya injini imewaka, mshale wa mizunguko haupandi juu ya 3,000, na saluni yenye nguvu farasi 265 inaingia Malindi huku matatu ikiipigia honi isogee pembeni.

Kesho yake asubuhi mwenyewe huja gerejini, na mara nyingi huja na jibu mkononi: "Fundi, turbo imekufa. Nimeshaulizia Nairobi." Katika magari ya aina hii niliyoyafungua, turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuishindilia hewa injinini, kufa yenyewe ni nadra. Huuawa na kitu kingine, au haijafa kabisa na imesingiziwa tu.

Injini ninazozizungumzia ni zile za lita tatu na kwenda juu: V6 ya Mercedes-Benz inayojulikana kwa jina la OM642, iliyotoka 2005 na kuingia kwenye saluni zao za E na S, silinda sita za mstari za BMW, M57 na N57, V6 na V8 za dizeli za Audi A6 na A8, na V6 za Jaguar. Wazee wa mwambao wanaikumbuka Mercedes 300D, lita tatu, silinda tano, nguvu farasi 80 na baadaye 88, gari lililobeba maharusi, wagonjwa na magunia bila kulalamika. Lita tatu hizo hizo kwenye BMW M550d ya 2012, yenye turbo tatu, zinatoa nguvu farasi 381 na msokoto wa Nm 740. Ziada hiyo imetoka kwenye hewa inayoshindiliwa na turbo, kwenye dizeli inayosukumwa kwa presha ya bar 1,600 hadi 2,200, na kwenye kompyuta inayovipima vyote viwili kila sekunde. (Gari dogo la kwanza kuuzwa na mfumo huu wa reli moja ya dizeli, yaani bomba nene la presha linalozigawia nozeli zote, lilikuwa Alfa Romeo 156, mwaka 1997. Waitaliano wa hapa Malindi hawachoki kunikumbusha, na wana haki yao.) 300D ilivumilia tundu kwenye bomba la hewa. Hizi hazivumilii.

Mimi hufuata utaratibu mmoja: hewa kwanza, kisha dizeli, kisha njia ya moshi. Mfuko wa mteja mwisho.

Kabla ya kufungua boneti

Swali langu la kwanza halihusu injini. Nauliza: gari hili linakwenda wapi kila siku? Jibu la Malindi ni lile lile. Nyumbani Casuarina, sokoni, shule ya watoto, msikitini, nyumbani. Kilomita tatu, nne. Injini iliyoundwa kukimbia saa nzima bila kupumzika inaamshwa mara sita kwa siku na kuzimwa kabla haijapata joto lake. La pili: dizeli ya mwisho ulijaza wapi, na tatizo lilianza siku ngapi baadaye? La tatu watu hulijibu wakitazama chini: nani aliligusa kabla yangu?

Ndipo naunganisha mashine ya kusomea makosa. Ikisema "presha ya turbo iko chini", haijasema turbo ni mbovu. Imesema hewa iliyoagizwa haikufika. Ni kama mpishi kulalamika nazi hazikuletwa. Huenda mnazi umekauka, na huenda aliyetumwa amezimwaga njiani.

Soma vipimo vyenyewe, na uanze injini ikiwa imezimwa, ufunguo umewashwa tu. Hapa tuko usawa wa bahari, kwa hiyo sensa ya hewa ya nje na sensa ya presha ya turbo zote mbili zinapaswa kuonyesha karibu milibar 1,010. Zikitofautiana sana, mojawapo inadanganya. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, sensa nzima husoma kama 830. Nimemwona kijana akitupa sensa isiyo na hatia kwa sababu alitumiwa namba na mwenziwe wa Industrial Area. Na ile sensa inayopima tofauti ya presha kabla na baada ya chujio la masizi lililoko kwenye ekzosi isome sifuri injini ikiwa imezimwa. Ikisoma milibar ishirini huku hakuna moshi unaopita, gari litaamini chujio limejaa hata kama umelitia jipya leo asubuhi.

Halivuti

Zima injini, subiri dakika moja, washa tena. Nguvu zikirudi hadi utakapokanyaga tena kupita lori, kompyuta ndiyo inayolizuia gari: iliagiza presha fulani, ikaona nyingine, ikajifunga kuilinda injini. Zisiporudi hata kidogo, ruka uende kwenye chujio la dizeli na chujio la masizi.

Presha ikiwa chini ya ile iliyoagizwa, mara nyingi hewa inavuja. Hewa hutoka kwenye turbo, ikashuka kwenye kipoza hewa kilichoko mbele ya gari, ambacho mafundi hukiita intakula, kisha ikapanda kurudi kwenye injini. Njia yote hiyo ni mabomba ya plastiki na hozi za mpira zilizoshikwa na klipu, na kwa joto letu plastiki hukauka kama kifuu. Tafuta mahali palipoloa oili iliyonasa vumbi. Mvuke kidogo wa oili ndani ya mabomba hayo ni kawaida. Ukitokeza nje, hapo ndipo penye tundu. Dereva akikwambia kila akikanyaga anasikia kama mtu anapuliza chai ya moto, mwamini.

Usipoliona kwa macho, ziba mdomo wa kuingizia hewa, ingiza hewa ya presha ndogo isiyofika bar moja, na upake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Mafundi baiskeli wa Kisumu Ndogo wanafanya hivyo kila siku na beseni la maji. Hakuna aibu kuiga.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea saluni yake ya silinda sita akiwa ameshanunua turbo. Ilikuwa kwenye boksi kiti cha nyuma, imefungwa mkanda kama mgeni wa heshima. "Mwanangu, nifungie hii tu, nina harusi Jumamosi." Nikamwomba nusu saa. Hozi iliyotoka intakula ilikuwa imechomoka nusu; mtu aliyebadilisha kompresa ya kiyoyozi mwezi uliopita aliirudisha bila kuisukuma mpaka klipu ilie. Nikaisukuma, ikalia. Harusini alikwenda, na turbo ikakaa kwenye boksi mpaka akapata wa kumuuzia.

OM642 ina udhaifu wake unaojulikana kila mahali. Mvuke wa oili kutoka kwenye pumzi ya injini, yaani njia inayotolea mvuke wa ndani, hupitia kwenye mdomo wa turbo. Pale bomba la hewa linapoingia turbo pana sili ya mpira, upana wake kama bangili. Ikichoka, oili hudondoka tone kwa tone juu ya mota ndogo ya umeme iliyolala chini yake katikati ya V, ile inayoendesha vipepeo vya njia za hewa. Mota ikilowa huungua, taa ikawaka na gari likajizuia. Badilisha sili pamoja na mota. Anayebadilisha mota peke yake atakuwa mteja wangu tena baada ya miezi kadhaa, akiwa amenuna.

Presha ikizidi ile iliyoagizwa, au ikipanda kwa kuchelewa, basi tazama turbo, lakini si kwa kuibadilisha. Ndani yake mna vibapa vinavyojipanga kulingana na mwendo wa moshi, na masizi ya safari fupi huvigandisha. Kwa mashine unaweza kuagiza mkono wake uende mwisho hadi mwisho huku ukiutazama: unapaswa kuteleza bila kukwama. Kwenye zile zinazoendeshwa kwa vakyumu, kagua kwanza vile vipira vyembamba vyeusi. Panya wa Malindi wanavipenda, sijui wanaonja nini.

Sensa ya kupimia hewa nayo huchafuka. Chomoa plagi yake, endesha kidogo. Gari likivuta vizuri zaidi bila sensa kuliko likiwa nayo, umempata mshukiwa. Kwenye nyingi jaribio hili linafanya kazi, ingawa taa itawaka na itabidi uifute.

Gari likiwa sawa mjini lakini likichoka unapolibebesha mzigo, kwa mfano kulipandisha mlima limejaa au kulikimbiza muda mrefu, linganisha presha ya reli iliyoagizwa na iliyopo wakati uko barabarani. Mwenzako asome, wewe uendeshe. Iliyopo ikibaki nyuma kadiri unavyokanyaga, anza na chujio la dizeli, kitu cha bei nafuu kuliko vyote kwenye mfumo huu.

Kuna jambo la mwambao ambalo vitabu vya Ulaya havina. Mapezi ya intakula na rejeta, yote ya alumini, hujaa vumbi, wadudu na upepo wa chumvi. Wakati wa kusi magari yanayoegeshwa upande wa bahari huota unga mweupe kwenye mapezi hayo. Hewa ya moto ina oksijeni haba, na kompyuta ikiona hewa inaingia na joto kubwa hupunguza dizeli kwa makusudi. Mwenye gari husema "mchana halina nguvu, usiku liko sawa," na watu humcheka. Hajakosea. Osha kwa maji baridi ya mfereji, taratibu, kutoka nyuma kuja mbele. Ukitumia mashine ya presha kali utayalaza mapezi yote.

Taa ya chujio la masizi

Hapa ndipo pesa nyingi za Malindi zinapopotelea.

Magari ya dizeli ya Ulaya ya kiwango cha moshi cha Euro 5, kilichoanza 2009, yote yana chujio la masizi kwenye ekzosi, DPF kama tunavyoliita. Hukusanya masizi, kisha kila baada ya kilomita mia kadhaa injini huongeza dizeli kidogo mwishoni mwa mwako ili moshi ufike kama nyuzi 600 na kuyachoma. Kazi hiyo inataka injini yenye joto kamili na mwendo usiokatizwa. Ukilizima gari sokoni katikati ya kuchoma, kazi imeharibika. Fanya hivyo mara tano mfululizo na taa itawaka.

Taa ikiwa imewaka tu na gari bado linavuta, dawa ni barabara. Hakikisha tangi lina zaidi ya robo, toka asubuhi kabla ya malori, elekea Kilifi, shika kilomita 80 au 90 kwa saa, na ushushe gia moja ili mizunguko ikae baina ya 2,000 na 2,500. Dakika ishirini hadi thelathini. Ukisikia feni inapiga kelele na harufu ya pasi ya makaa umesimama, usizime, linachoma.

Lisipochoma, usikimbilie kulaumu chujio. Uliza kwa nini halichomi. Jibu ambalo limenishangaza kwa kujirudia ni themostati, ile vali inayozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate joto. Kuna mazoea ya zamani gerejini kwetu: gari likipandisha joto, fundi anatoa themostati na kuitupa, "kwetu ni joto, haina kazi." Kwenye pikapu ya zamani ungenusurika. Kwenye BMW ya dizeli kompyuta haianzi kuchoma masizi mpaka kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ifike karibu nyuzi 75, na bila themostati injini inayokwenda kwa upepo wa barabarani huweza kukaa 65 au 70 safari nzima. Gari halipandishi joto tena, mwenyewe anamsifu fundi, na nyuma chujio linajaa. Soma joto la kulanti ukiwa barabarani. Likiwa chini ya 80 baada ya nusu saa, rudisha themostati kabla ya jambo lingine lolote.

Jibu la pili ni oili. Oili nzito ya 15W-40 ya malori ina majivu mengi, na majivu, tofauti na masizi, hayaungui. Yanabaki ndani ya chujio hata likichoma. Mercedes zenye chujio zinataka oili ya kiwango 229.51 au 229.52, BMW zinataka Longlife-04. Namba hizo zimeandikwa mgongoni mwa galoni. Kama hazimo, si oili ya gari lako, hata kama galoni lina picha ya gari lako.

La tatu ni nozeli inayovuja, au hewa inayovuja kama tulivyoona juu: zote zinazaa masizi kupita uwezo wa chujio. Anayesafisha chujio bila kuziba chanzo anafagia uwanja chini ya mkwaju.

Kuna wanaolitoboa na kulifuta kwenye kompyuta. Kazi hiyo siifanyi. Nimeona magari yakirudi na moshi wa kutia aibu mbele ya hoteli, na programu iliyoandikwa na mtu asiyejua ikizidisha dizeli hadi pistoni inaungua. Chujio lililojaa masizi linaweza kutolewa na kusafishwa. Lililojaa majivu yasiyosafishika au lililopasuka ndani ndilo la kubadilishwa.

Moshi

Mweusi ni hewa pungufu au dizeli kupita kiasi. Rudi kwenye sehemu ya hewa. Kwenye gari lenye chujio zima hupaswi kuuona moshi mweusi kabisa, kwa hiyo ukiuona uliza kama chujio bado limo. Samawati ni oili: sili za turbo, au pumzi ya injini iliyoziba na kuisukuma oili nje. Mweupe wa asubuhi unaochoma macho kwa harufu ya dizeli mbichi ni nozeli inayodondosha. Mweupe wenye harufu ya utamu ni kulanti inayoungua, na hilo usilisafirie.

Haliwaki

Miongozo ya Ulaya itakwambia plagi za kupasha joto. Malindi, ambako hata alfajiri kuna joto, injini hizi zinaweza kuwaka hata plagi zikiwa zimekufa. Pima betri kwanza: isishuke chini ya volti 10 hivi wakati stata inazungusha. Stata ikizunguka kivivu, kompyuta haipati kasi inayoitaka na haiachii dizeli.

Stata ikizunguka vizuri, soma presha ya reli. Nyingi hazifungui nozeli mpaka presha ikaribie bar 200. Ikiishia 80, dizeli inapotelea mahali, na mara nyingi inapotelea kwenye nozeli zenyewe, kupitia paipu ya kurudishia. Chomoa paipu hizo, weka chupa ndogo sawa chini ya kila moja, zungusha. Chupa itakayojaa mbele ya wenzake imekuonyesha mwizi. Gari linalowaka asubuhi na kukataa saa saba mchana baada ya kuegeshwa juani lina dalili hii hasa: dizeli ya moto ni nyepesi na huvuja kwa urahisi zaidi kwenye nozeli iliyochoka.

Chupa zote zikiwa kavu na presha haipandi, tazama upande wa pampu. Fungua chujio la dizeli umimine yaliyomo kwenye chombo cheupe. Maji hukaa chini, yanaonekana. Mabaharia wa Lamu hawashangazwi na hili. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini ya mashua hufungua koki ya chini ya chujio kumwaga maji, kwa sababu tangi lisilojaa kwenye hewa yenye unyevu hutunga maji ndani usiku. Gari lako linaishi kwenye hewa hiyo hiyo. Usilipaki wiki tatu na robo tangi.

Ukiona vumbi linalometameta kama unga wa fedha, simama hapo. Ni chuma cha pampu ya presha inayojila. Pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe, na pampu ya Bosch CP4 iliyoko kwenye baadhi ya V6 za Audi ina sifa mbaya kwa jambo hili. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina ulaini wa kutosha. Mchezo huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Chuma kikishapatikana kwenye chujio, kubadilisha pampu peke yake ni kutupa pesa: unga umeshafika kwenye reli na kwenye kila nozeli, na vyote vinatoka pamoja na tangi kuoshwa. Hapo ndipo mwenye gari anapokaa kwenye kibao na kuomba maji ya kunywa.

Kelele

Msuguano wa chuma unaosikika nyuma ya injini, karibu na kabini kuliko mbele, mizunguko ikiwa 1,500 hadi 2,000, kwenye BMW za N57 na N47, ile ndogo ya silinda nne, fikiria cheni ya taimingi. Ilipangwa nyuma, upande wa giaboksi, kwa hiyo haifikiki bila kutenganisha giaboksi na injini. Cheni ikikatika, pistoni hukutana na vali. Usiendelee kuendesha ukisubiri mshahara.

Kwenye M57 ya zamani kidogo hakuna kelele ya kukuonya. Vipepeo vya njia ya hewa vina mhimili mwembamba unaoweza kuvunjika, na kipande kikaenda moja kwa moja kwenye silinda. Wengi huvitoa na kuziba matundu yake. Katika mambo yote ya kutoa vitu kwenye injini, hili moja nakubaliana nalo.

Mlio wa kugonga unaofuata mizunguko na kuzidi ukikanyaga unaweza kuwa nozeli au beringi ya krenki. Mashine huonyesha kila silinda inasahihishwa dizeli kiasi gani. Silinda moja ikisahihishwa kupita wenzake, ni nozeli. Zote zikiwa sawa na mlio uko chini ya injini, pasua chujio la oili utafute chuma. Kikiwemo, gari linavutwa, haliendeshwi.

Oili na kulanti

Oili inayoongezeka bila wewe kutia si baraka. Ni dizeli ya kuchoma masizi, ile iliyokatizwa safari fupi, imeteremka kwenye oili. Kijiti kikipita alama ya juu, mwaga oili yote, kisha urudi kwenye sehemu ya chujio.

Oili inayodondoka baina ya injini na giaboksi kwenye OM642 huwapotosha mafundi wazuri. Wanasema sili ya nyuma ya krenki, wanashusha giaboksi, wanatia mpya, na bado inadondoka. Oili hiyo inatoka juu: kipoza oili kimekaa katikati ya V, sili zake hukauka, oili ikajaa bondeni na kutiririka nyuma. Mulika tochi chini ya turbo kabla ya kushusha chochote. Sili za mwanzo zilikuwa za rangi ya machungwa, zilizozifuata ni za zambarau na zinastahimili joto zaidi. Kazi ni ya siku nzima na zaidi, kwa sababu kila kilichoko juu lazima kitoke.

Kulanti ikipungua bila tone chini, pima kipoza moshi cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Mwaka 2018 BMW iliyaita magari mengi ya dizeli Korea Kusini na Ulaya kwa sababu kipoza hicho kilikuwa kikivuja kulanti, ambayo ikichanganyika na masizi huweza kushika moto. Kwetu kuna sababu ya ziada tunayojitengenezea: maji ya kisima. Maji mengi ya visima vya Malindi yana chumvi, na kuyajaza kwenye injini ya alumini ni kuilisha kutu kwa kikombe. Huna kulanti njiani? Tia maji ya chupa ya kunywa, kisha ubadilishe yote ukifika.

Magari mengi ya Euro 6, ya kuanzia 2014, yana pia tangi la AdBlue, maji ya urea ya kusafishia moshi. Maji hayo huharibika kwa joto. Juu ya nyuzi 30 umri wake unapungua haraka. Dumu lililokaa juani mlangoni mwa duka usilinunue. Na usithubutu kuyatia kwenye tangi la dizeli. Wapo waliofanya.

Taa zote zimewaka baada ya gari kulala Mokowe

Hii hunijia baada ya kila Maulidi. Saluni haivuki kwenda Lamu, kwa hiyo inaachwa Mokowe wiki nzima au mbili, jua kali, alamu imewashwa. Mwenyewe akirudi na boti, gari linawaka kwa taabu na dashibodi inang'aa kama duka la taa: breki, mifuko ya hewa, injini, giaboksi, chujio. Ananipigia simu akiwa Witu, sauti inatetemeka. Usiguse kifaa chochote. Ni betri iliyoshuka, na kila kompyuta ndogo ndani ya gari imeandika malalamiko yake. Ichaji usiku kucha, asubuhi futa makosa yote, endesha hadi Mambrui na kurudi, kisha soma upya. Yatakayokuwa yamejiandika tena ndiyo ya kushughulikia.